Ufundishaji wa uandishi shuleni ulivyobadilika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na walimu wapya, wazazi wanaoshangaa daftari la mtoto halifanani na la kwao, na wakuu wa shule wanaoambiwa kila baada ya miaka michache kwamba njia ya jana imepitwa na wakati. Ukitaka kuupata uzi wake upesi, jiulize jambo moja: mwalimu anaingia lini? Kabla mwanafunzi hajaandika, wakati anaandika, au akishamaliza? Karibu kila mageuzi yaliyoelezwa hapa chini ni jibu jipya kwa hilo.

## Mambo ya msingi

Kufundisha uandishi si ni kufundisha mwandiko, tahajia na nukta?

Hiyo ni nusu ya kazi. Kuna kazi ya mkono, yaani kuumba herufi, kuendeleza maneno na kuakifisha. Na kuna kazi ya kutunga, yaani kupata la kusema, kulipanga, kulisema kwa msomaji fulani, kisha kulirudia hadi likae sawa. Kwa muda mrefu shule nyingi zilifundisha ya kwanza na kutahini ya pili. Mtoto alifundishwa imla miaka mitatu, kisha siku moja akaambiwa: haya, tunga.

Zamani kabisa walifundishaje?

Kwa kuiga, tena kwa ngazi. Shule za Wagiriki na Warumi zilikuwa na mfululizo wa mazoezi ulioanza na kusimulia upya ngano fupi, ukapanda hadi kusifu, kulaumu, kulinganisha, na mwishowe kutetea au kupinga sheria. Kitabu cha Aphthonius cha karne ya 4 BK kina mazoezi 14 ya namna hiyo, na kilitumika Ulaya tena kwa karne nyingi baadaye.

Ni rahisi kuyadharau mazoezi hayo kama kasuku kufundishwa maneno. Lakini hakuna mwanafunzi aliyepewa kazi bila kwanza kuona kazi ya namna ileile imefanywaje. Shule za karne ya 20 zilipokuja kulitupa jambo hilo, zilitumia miongo kadhaa kulitafuta tena (tazama swali kuhusu mkabala wa tanzu).

Insha ya shule kama tunavyoijua ilitoka wapi?

Kwa sehemu kubwa ni mtoto wa karne ya 19. Mwaka 1866 Alexander Bain, profesa wa Aberdeen, alichapisha kitabu kilichoweka kanuni za aya: iwe na wazo moja, na wazo hilo lijulikane mapema. Kitabu hicho pia kilisaidia kueneza mgawanyo wa maandishi kuwa masimulizi, maelezo, ufafanuzi na hoja, ambao bado uko kwenye silabasi nyingi. Mwaka 1874 Chuo Kikuu cha Harvard kikaanza kuwataka waombaji waandike insha fupi, huku tahajia, uakifishaji na sarufi vikihesabiwa. Kwa kuwa shule za sekondari huelekea kule mtihani unakoelekea, insha fupi ya kupimwa ikawa ndiyo maandishi ya shule.

Hapo ndipo ulipozaliwa ule utaratibu ambao wengi wetu tuliupitia: mada ubaoni, darasa kimya, dakika arobaini, madaftari yanakusanywa, yanarudi yakiwa mekundu. Mwalimu anaingia mwishoni tu, na anaingia kama hakimu.

## Mageuzi makubwa

Kwa nini mambo yaligeuka miaka ya 1960 na 1970?

Mambo kadhaa yalikutana. Mwaka 1963 Richard Braddock na wenzake wawili nchini Marekani walikusanya utafiti wote waliouona unafaa na kutoa kauli iliyowakera wengi: kufundisha sarufi peke yake hakuboreshi uandishi, na huweza hata kuudhuru kwa sababu kunakula muda wa kuandika. Mwaka 1966 walimu na wasomi wa Uingereza na Marekani walikutana kwa wiki kadhaa katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, na kwa Wamarekani wengi ilikuwa mara ya kwanza kusikia kwamba lugha ya mtoto mwenyewe, ya kujieleza tu, ina nafasi darasani.

Kisha akaja Janet Emig. Mwaka 1971 alichapisha utafiti wa wanafunzi wanane wa mwaka wa mwisho wa sekondari. Aliwaketisha waandike huku wakisema kwa sauti kinachopita kichwani mwao. Wanane ni wachache, lakini hadi hapo ni watu wachache mno waliokuwa wamekaa pembeni kumtazama mwanafunzi akiandika. Utafiti wa kabla yake ulikuwa wa kusoma kazi zilizokamilika. Alichokiona hakikufanana na vitabu vya kiada. Wanafunzi hawakuanza na muhtasari wenye namba za Kirumi. Walisita, walirudi nyuma, walibadili nia katikati ya sentensi. Mwaka uliofuata Donald Murray, mwandishi wa habari aliyegeuka mwalimu, akawaambia walimu wafundishe mchakato badala ya kungoja zao, yaani kazi iliyokamilika.

Mkabala wa mchakato ulionekanaje darasani?

Mwanafunzi hupata muda wa kuwaza, huandika rasimu, huisomea wenzake, huirekebisha, na kusahihisha tahajia huachwa hadi karibu na mwisho. Mara nyingi mada huchagua mwenyewe. Donald Graves, aliyekaa na watoto wadogo katika shule za New Hampshire na kuchapisha kazi yake kuu mwaka 1983, ndiye aliyewashawishi walimu wa msingi kwamba hata mtoto wa miaka sita anaweza kufanya hivyo.

Kiini chake ni mazungumzo mafupi kando ya dawati. Chukua mtoto aliyeandika: «Jana mbwa wetu alipotea. Nilihuzunika sana.» Mwalimu wa zamani angeweka vema na alama. Huyu anachuchumaa na kuuliza:

— Mlijuaje kwamba amepotea?
— Bakuli lake lilikuwa bado limejaa.
— Mbona hilo hujaliandika?

Mazungumzo yameisha. Mwalimu hajamwambia sentensi ya kuandika, ila mtoto anarudi kwenye karatasi akijua msomaji wake anataka bakuli, hataki huzuni iliyotangazwa. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipande cha thamani zaidi katika vuguvugu lote lile, na ndicho kilichokuwa cha kwanza kupotea mkabala ulipogeuzwa kuwa fomu.

Je, hatua za mchakato lazima zifuatane?

Hapana. Linda Flower na John Hayes walionyesha mwaka 1981 kwamba mwandishi huruka kutoka kupanga hadi kuandika hadi kurekebisha na kurudi tena, hata ndani ya aya moja. Ratiba ya «Jumatatu kupanga, Jumanne rasimu, Jumatano kurekebisha» ni mahitaji ya shule, wala si maelezo ya namna watu wanavyoandika.

Je, mageuzi yote yalitoka nchi zinazosema Kiingereza?

La. Nchini Ufaransa, katika miaka ya 1920, Célestin Freinet aliingiza mashine ya kuchapia darasani. Watoto waliandika matini huru, wakachagua pamoja ya kuchapa, wakapanga herufi za risasi moja moja kwa vidole, kisha wakapelekeana na shule nyingine. Ukipanga neno herufi kwa herufi, kosa la tahajia unaligusa. Na ukijua kuna mtoto wa mji mwingine atasoma, huhitaji kuambiwa neno «hadhira». Hiyo ilikuwa miaka arobaini na zaidi kabla ya Dartmouth.

Kwa nini mkabala wa mchakato ulikosolewa?

Lawama kali zaidi ilitoka kwa watu waliotazama watoto ambao hawakuzaliwa katika nyumba zilizojaa vitabu. Lisa Delpit, mwalimu mweusi wa Marekani, aliandika katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 kwamba darasa linalosema «andika upendavyo, sauti yako yatosha» linamfaa yule ambaye tayari amejifunza nyumbani lugha inayotakiwa na wenye mamlaka. Asiyeijua huachwa ajikisie. Sheria za mchezo zipo vilevile. Kilichobadilika ni kwamba hazitamkwi.

Kulikuwa na lawama ya pili, ya kawaida zaidi: watoto waliandika masimulizi ya maisha yao tu, mwaka baada ya mwaka, kisha wakafika sekondari na kutakiwa waandike ripoti ya jaribio la sayansi ambayo hawajawahi kuiona.

Mkabala wa tanzu ulileta nini?

Uliibuka Australia, hasa Sydney, kuanzia miaka ya 1980. Jim Martin, Joan Rothery na wenzao, wakitumia nadharia ya mwanaisimu Michael Halliday, walichunguza maandishi ambayo shule zinayadai kweli: taarifa ya matukio, ripoti, maelekezo, maelezo ya sababu, hoja. Kila utanzu una kazi yake katika jamii, na kwa sababu hiyo una mpangilio wake na lugha yake. Basi vifundishwe waziwazi.

Mzunguko wao wa kufundisha una ngazi tatu. Kwanza darasa linachambua mfano: aya hii inafanya nini, kitenzi hiki kipo wakati gani na kwa nini. Kisha wanaandika pamoja, mwalimu akishika chaki. Mwisho kila mtu anaandika yake. Ngazi ya pili ndiyo yenye uzito. Mwanafunzi anasema, «Mvua inatoka baharini.» Mwalimu, chaki mkononi, anauliza: «Inatokaje? Jua linafanya nini?» Darasa linajenga: «Jua likipasha bahari joto, maji hugeuka mvuke na kupaa.» Wanafunzi wanaiona sentensi ikizaliwa, pamoja na kufutwafutwa kwake. Hapa mwalimu hangoji mwisho wala hasubiri kando, anaandika nao.

Hatari yake inajulikana: utanzu hugeuka kiunzi, na wanafunzi thelathini hutoa ripoti thelathini zinazofanana.

## Sarufi, makosa na viunzi

Kwa hiyo sarufi ifundishwe au isifundishwe?

Inategemea unafanya nini nayo. Uchambuzi wa Steve Graham na Dolores Perin wa mwaka 2007, uliokusanya majaribio mengi kuhusu wanafunzi wa darasa la nne hadi la kumi na mbili, ulikuta tena kwamba masomo ya sarufi yaliyojitenga na uandishi hayana faida. Yaliyokaa juu ni kufundisha mikakati ya kupanga na kurekebisha, na kufundisha kufupisha matini. Mkabala wa mchakato kwa jumla ulisaidia, ingawa kwa kiasi.

Lakini zoezi moja la sentensi lilisaidia wazi: kuunganisha sentensi. Mwanafunzi hupewa vipande hivi:

*Mvua ilinyesha. Mvua ilikuwa kubwa. Daraja lilikatika. Watoto hawakuvuka.*

Mmoja ataandika: «Mvua kubwa iliyonyesha ilikata daraja, watoto wasiweze kuvuka.» Mwingine: «Watoto hawakuvuka, kwani daraja lilikuwa limekatwa na mvua kubwa.» Zote ni sahihi, na hapo ndipo somo linapoanza: ya kwanza ni habari ya mvua, ya pili ni habari ya watoto. Hiyo ni sarufi, ila sarufi inayochagua. Debra Myhill na wenzake wa Exeter, Uingereza, walipata matokeo ya namna hiyo katika utafiti waliouchapisha mwaka 2012: sarufi iliyofundishwa ndani ya kazi ya kuandika iliboresha maandishi, hasa ya wale waliokuwa tayari wanaandika vizuri. Wanyonge walifaidika kidogo.

Wakati huohuo, mwaka 2013, serikali ya Uingereza ilianzisha kwa shule za England mtihani wa sarufi, uakifishaji na tahajia mwishoni mwa shule ya msingi, peke yake, nje ya kuandika. Utafiti na sera havisafiri basi moja kila mara.

Je, mwalimu asahihishe kila kosa?

Karatasi iliyochorwa kila mstari humchosha mwalimu na haisomwi. Mina Shaughnessy, aliyefundisha New York wanafunzi walioingia chuo bila maandalizi, alionyesha mwaka 1977 kwamba makosa mengi yana mantiki: mwanafunzi anafuata kanuni, ila si ile inayotakiwa. Ukishaona kanuni yake, makosa ishirini yanakuwa matatu. Fundisha hayo matatu.

Wakati nao ni muhimu kuliko wingi. Maelezo yanayokuja rasimu ikiwa bado wazi hutumika. Yanayokuja pamoja na alama ya mwisho hutazamwa alama tu.

Mtoto wangu akirekebisha anabadili neno moja moja. Ni uvivu?

Ndivyo wanavyofanya wengi wasiofundishwa vinginevyo. Nancy Sommers alilinganisha wanafunzi na waandishi wazoefu mwaka 1980: wanafunzi walibadili maneno, wazoefu walihamisha, walikata na kujenga upya. Mwambie akate aya nzima ya kwanza aone kama kuna kinachopungua. Mara nyingi hakuna.

Insha ya aya tano ina ubaya gani?

Utangulizi, hoja tatu, hitimisho. Inamsaidia asiyejua aanzie wapi, na inamrahisishia msahihishaji. Tatizo linakuja pale mwanafunzi mwenye hoja mbili nzuri anapobuni ya tatu ili kujaza nafasi, au mwenye hoja moja nzito anapoikata vipande vitatu. Itumike mwanzoni, na mwalimu aseme mapema kwamba itaachwa.

## Upimaji

Kwa nini insha moja hupata alama tofauti kwa wasahihishaji tofauti?

Kwa sababu wanasoma vitu tofauti. Mwaka 1961 Paul Diederich na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wasomaji 53 kutoka fani mbalimbali, wakiwemo walimu, wanasheria na wahariri, walipewa insha 300 wazipange katika madaraja tisa bila maelekezo. Hakuna insha iliyopata chini ya madaraja matano tofauti. Wapo waliotazama mawazo, wapo waliotazama makosa, wengine mpangilio au ladha ya maneno.

Jibu la kwanza lilikuwa vigezo vilivyoandikwa, vinavyopunguza tofauti lakini hufanya walimu wafundishe vigezo. Jibu jingine, linalotokana na kazi ya Louis Thurstone ya mwaka 1927, ni kulinganisha: msahihishaji hatoi alama, anapewa insha mbili na kusema ipi bora, na ulinganisho mwingi wa namna hiyo hutoa mpangilio. Watu hukubaliana zaidi wakilinganisha kuliko wakihukumu.

Mtaala unasema rasimu, mtihani unataka insha moja ndani ya muda. Nifuate upi?

Mtihani ndio utakaoshinda, na si haki kumficha mwanafunzi hilo. James Britton na wenzake, waliosoma maandishi ya shule za Uingereza, walikuta mwaka 1975 kwamba karibu nusu yake yaliandikwa kwa mwalimu kama mtahini. Njia ya vitendo: mwaka mwingi uwe wa rasimu, na wiki chache kabla ya mtihani ufundishe kuandika kwa saa kama utanzu mmojawapo, wenye hila zake.

## Mkono, kibodi na akili mnemba

Mwandiko bado una maana?

Ndiyo, lakini si kwa ajili ya urembo. Mtoto anayehangaika kuumba herufi hana nafasi kichwani ya kuwaza sentensi ijayo. Kinachotakiwa ni wepesi. Finland iliacha kulazimisha mwandiko wa kuunganisha herufi mwaka 2016 na kuongeza kibodi. California ikaurudisha kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2024.

Akili mnemba inaandika insha kwa sekunde. Kuna haja gani ya kufundisha?

Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, utaratibu uliovunjika ni ule wa kutoa mada na kukusanya zao. Kama mwalimu anaingia mwishoni tu, hana njia ya kujua nani kaandika. Mwalimu aliyekuwepo kwenye rasimu anajua, kwa sababu alikuwepo lilipopatikana lile bakuli. Kwa hiyo shule nyingi zimerudisha kuandika darasani, kalamu na karatasi, na maswali ya ana kwa ana kuhusu kazi.

Mashine inaweza kusaidia kama msomaji wa rasimu, kwa mwanafunzi ambaye tayari anaweza kulikataa shauri baya. Kwa anayeanza, inampokonya kazi ileile anayotakiwa kuizoea: kukaa na wazo ambalo bado halijapata maneno.

Si kuna programu za kugundua kazi iliyoandikwa na mashine?

Usimhukumu mtoto kwa hizo. OpenAI, waundaji wa ChatGPT, waliiondoa ya kwao Julai 2023 kwa sababu ya usahihi mdogo. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walionyesha kwamba programu kadhaa ziliziita za mashine zaidi ya nusu ya insha zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Lugha nyepesi na ya tahadhari ndiyo inayoshukiwa.

## Hali zenye ugumu wake

Nina wanafunzi wengi mno. Nitazungumzaje na kila mmoja?

Huwezi, usijaribu. Soma kundi moja la rasimu kila wiki, andika makosa mawili yanayojirudia, na uyafundishe kwa darasa zima ukitumia sentensi zao bila majina. Kuandika pamoja ubaoni hakujali idadi. Wenzao nao wanaweza kusoma, mradi wapewe swali moja la kujibu: «Ni wapi ulitaka kujua zaidi?» Ukiwaambia «toa maoni», watasema «ni nzuri».

Mwanafunzi anaandika katika lugha asiyoizungumza nyumbani. Nibadili nini?

Mwache apange na hata kuandika rasimu ya kwanza katika lugha anayowaza. Mpe mifano mingi zaidi, na umwandikie waziwazi vishikizo vya hoja: «hata hivyo», «kwa upande mwingine», «ndiyo maana». Mkabala wa tanzu humfaa kuliko uhuru mtupu. Kuhusu makosa, tazama jibu la Shaughnessy: mengi yana kanuni ya lugha yake ya kwanza nyuma yake.

Mtoto ana mawazo tele lakini tahajia inamshinda. Je, aseme tu na simu iandike?

Kwa kutunga, ndiyo, bila aibu, hasa mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuendeleza maneno. Maneno yakishakuwa kwenye skrini, asome kwa sauti, akate na apange upya kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu mazungumzo yaliyonakiliwa hurudiarudia na hayana aya. Tahajia ifundishwe kwa saa yake, maneno machache kwa wakati, na isitolewe alama ndani ya rasimu. Kama mtihani wake hauruhusu kifaa, omba mapema utaratibu wa mtu wa kumwandikia. Mara nyingi maombi hayo yana tarehe ya mwisho, na humalizika kabla wazazi hawajajua kwamba yapo.